Ørsted: Setilaiti Ndogo Iliyoziba Pengo la Miaka Ishirini

Dira ya nahodha hujibu swali moja: kaskazini iko wapi? Wapimaji wa uga wa sumaku wa Dunia wana maswali mawili, yaani nguvu ya uga ni kiasi gani, na unaelekea wapi. Swali la pili ndilo lililosumbua zaidi huko angani.

Sputnik 3 ya Wasovieti ilibeba chombo cha kupimia sumaku mwaka 1958. Setilaiti za OGO za Marekani zikafuata, lakini zilipima nguvu tu. Mwaka 1970 mwanasayansi George Backus alionyesha kwamba hilo halitoshi, kwa kuwa uga mbili tofauti kabisa zinaweza kuwa na nguvu ileile kila mahali.

Kupima mwelekeo kunataka setilaiti ijue yenyewe imegeukia wapi. Magsat ya Marekani ilifanya hivyo kwa kutazama nyota. Ilirushwa Oktoba 1979, ikaungua hewani Juni 1980. Baada ya hapo ilipita karibu miaka 20 bila setilaiti nyingine kupima mwelekeo kwa usahihi huo. Hapa tulipokuwa tunasoma tulisikitika kweli, maana uga hubadilika kila mwaka, na kipimo kisichochukuliwa leo hakichukuliki kesho.

Waliorudi angani walikuwa Wadenmark. Setilaiti yao ya kilo 60 hivi waliiita Ørsted, kwa jina la mwenzao aliyegundua mwaka 1820 kwamba umeme hugeuza sindano ya dira. Ilirushwa kutoka California tarehe 23 Februari 1999. Roketi hiyohiyo ilibeba SUNSAT, iliyoundwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini. (Wanafunzi! Sisi gazeti hili tu linatutoa jasho.)

Vyombo vya umeme ndani ya setilaiti vina sumaku yao, nayo huharibu vipimo. Kwa hiyo Ørsted ilikunjua mlingoti wa mita 8, vipimio vikakaa mbali na mwili wake, pamoja na kamera ya kutazama nyota. Mmoja wetu alitaka tuuite mkono. Tulipiga kura, mlingoti ukashinda.

Ilikusudiwa kufanya kazi miezi 14, ikaendelea zaidi ya miaka 10. Mwaka 2002 watafiti walilinganisha vipimo vyake na vya Magsat. Katika nusu ya kusini ya Dunia, uga kwa kawaida hutoka nje ya kiini. Lakini kilomita 2,900 hivi chini ya kusini mwa Afrika waliona madoa ambamo unaingia ndani, kinyume na kawaida. Madoa hayo yanachangia sana kudhoofika kwa uga wa Dunia nzima.

Tangu Novemba 2013 kazi hiyo inafanywa na setilaiti tatu za Ulaya ziitwazo Swarm. Nazo zina milingoti, na kamera zao za nyota zimetengenezwa Denmark.