Kikwembe, Sindano na Rozari: Historia ya Vazi la Staha kwa Wanawake Wakatoliki wa Nyangwe na Kasongo

Vazi la heshima la mwanamke Mkatoliki katika Nyangwe, Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, kwa kawaida ni la vipande vitatu: blauzi iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili wake, kikwembe kinachofungwa kiunoni na kushuka hadi karibu na vifundo vya miguu, na kikwembe cha pili cha kujizungushia juu ya kile cha kwanza au kubebea mtoto. Kichwani hufungwa kitambaa, na shingoni mara nyingi kuna rozari au medali ya Bikira Maria. Ukiondoa hiyo rozari, binti anayetoka misani Jumapili na jirani yake Mwislamu anayekwenda arusini wanaweza kuwa wamevaa nguo zilizokatwa na fundi mmoja kutoka jora moja. Kufanana huko kumejengwa na historia ya zaidi ya miaka 150, ambamo kitambaa kilikuwa fedha, kikawa alama ya uungwana, kikawa zao la kulazimishwa, na mwishowe kikawa kazi ya mikono ya wasichana wenyewe.

Nyangwe iko ukingo wa kulia wa Lualaba, jina la mto Kongo katika sehemu yake ya juu. Kabla ya wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki kufika, watu wa huku walivaa nguo za nyuzi za mwale. Majani machanga ya mti huo yalichanwa, yakakaushwa na kufumwa vipande vidogo vya mraba ambavyo viliunganishwa kwa kushonwa na kutiwa rangi. Watu wa pwani waliviita viramba. Vipande hivyo vilikuwa nguo na fedha pia: viliingia katika mahari, katika fidia na katika bei ya bidhaa. Aliyejipamba kwavyo zaidi alikuwa mwanamume. Msafiri David Livingstone, aliyefika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871 na kukaa hadi Julai, aliandika habari za wanaume waliotamba kwa nguo za rangi kali zenye mikunjo mingi, huku wanawake wakibeba mizigo na kufanya sehemu kubwa ya kazi. Habari hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba pambo limekuwa siku zote jambo la wanawake.

Lakini soko lilikuwa la wanawake. Kila baada ya siku chache walikusanyika Nyangwe kwa mamia, na siku nyingine kwa maelfu, wengine wakivuka mto kwa mitumbwi ya wavuvi Wagenya kutoka ng'ambo, wakileta samaki, muhogo, chumvi, mawese, kuku, vyungu na nguo za mwale. Siku ya soko ilikuwa na amani yake: hata vijiji vilivyogombana viliwaacha wanawake wapite salama. Amani hiyo ilivunjwa tarehe 15 Julai 1871, pale watu wa Mwinyi Dugumbi, mfanyabiashara wa pwani aliyeishi Nyangwe, walipoanza kupiga risasi katikati ya soko. Wanawake walikimbilia mtoni, mitumbwi ikazama kwa wingi wa watu, na mamia wakafa maji au kwa risasi. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilichochea hasira iliyosaidia kuleta mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Historia yoyote ya wanawake wa Nyangwe ina deni la kuwataja hao, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Utawala wa watu wa pwani ulileta nguo mpya. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alijiimarisha Kasongo katikati ya miaka ya 1870, na misafara ikaleta merikani, ile pamba ngumu isiyopaushwa iliyoitwa kwa nchi ilikotoka, pamoja na kaniki iliyotiwa nili. Huko Unguja merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa na maskini, na baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1897 wanawake waliopata uhuru waliziacha na kuvaa kanga. Maniema mambo yalikuwa kinyume. Mtu aliyeacha mwale na kuvaa pamba alijitangaza kuwa karibu na waungwana, watu wa mjini wenye kusema Kiswahili, wanaoosha mikono kabla ya kula na wasiouzwa. Mwanaume alivaa kanzu na kofia. Mwanamke alijifunika kuanzia kifuani hadi miguuni na kufunga kichwa. Jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda wake Dhanis lilipoiteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata, daktari wake Hinde alistaajabu kukuta vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, na mashamba ya mpunga na miwa yaliyotunzwa vizuri. Watawala wa pwani walishindwa vitani, lakini adabu ya mavazi ilibaki kwa wananchi.

Ndiyo hali waliyoikuta wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe walipoanzisha misheni katika eneo la Kasongo ya zamani mwanzoni mwa karne ya 20. Walikuja kutoka upande wa Tanganyika, ambako misheni za Mpala na Baudouinville zilikuwa zimetangulia, chini ya Askofu Victor Roelens. Walihubiri kwa Kiswahili, lugha ileile ya waungwana. Nao walivaa nguo ambayo macho ya Kasongo yaliielewa mara moja: joho refu jeupe na vazi la juu la kujitanda, lililoigwa na Kardinali Lavigerie kutoka kwa Waarabu wa Algeria alipolianzisha shirika hilo mwaka 1868, na rozari ikining'inia shingoni kama tasbihi. Kwa mtu aliyezoea kanzu, padri hakuonekana kama askari wa Kizungu.

Lavigerie alikuwa pia ameagiza kwamba Waafrika waliofundishwa na wamisionari wake wasigeuzwe Wazungu katika chakula, makazi na mavazi. Agizo hilo halikufuatwa kila mahali kwa ukamilifu, ila lilikuwa na matokeo makubwa: mkristo mpya hakulazimika kuvaa gauni la Ulaya ili ahesabiwe mkristo. Kilichomtambulisha kilikuwa kitu kidogo cha shingoni. Maandalizi ya ubatizo kwa kawaida yalichukua miaka minne, na medali au rozari ilimwonyesha mwanafunzi wa dini popote alipokwenda, sokoni, shambani au mtoni. Kwa msichana hasa alama hiyo ilikuwa na uzito, kwa kuwa ilimweka chini ya ulinzi wa watu waliokuwa tayari kubishana na ukoo wake kuhusu ndoa asiyoitaka. Mengi yameandikwa juu ya wamisionari kuwavika Waafrika nguo. Kusini mwa Maniema walikuta wanawake ambao tayari walijua kwa nini wanajifunika, na dini mpya ikajenga juu ya ujuzi huo.

Badiliko kubwa lilitokea kwenye sindano. Katika mila ya pwani, fundi wa kushona kanzu na kudarizi kofia alikuwa mwanamume, na wafumaji wa mwale wa Kongo pia walikuwa wanaume. Shule za masista zilitia sindano mikononi mwa wasichana. Elimu ya wasichana katika Kongo ya Wabelgiji ilikuwa finyu: katekisimu, kusoma kidogo, usafi, upishi, kufua na kushona. Baada ya Vita Kuu ya Pili vituo vya mafunzo ya nyumbani vilienea mijini, vikiwa na lengo la kumwandaa mke wa karani. Ufinyu huo ni wa kulaumiwa, kwani uliwanyima wasichana kizazi baada ya kizazi elimu waliyopewa kaka zao. Hata hivyo kilichotolewa kama somo la unyenyekevu kiligeuka ufundi wa kujipatia riziki. Aliyejifunza kupinda kitambaa cha altare na kudarizi alba ya padri aliweza pia kushona blauzi ya jirani na kulipwa.

Pamba yenyewe ilikuwa na upande wake mchungu, na Nyangwe iko mwanzoni mwa habari hiyo. Majaribio ya awali ya kilimo cha pamba katika Kongo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yalifanywa hapo pamoja na sehemu nyingine chache, na kuanzia mwaka 1917 serikali ilianza kuwalazimisha wanavijiji kulima zao hilo. Kila kaya ilipimiwa shamba. Bei ilipangwa na makampuni, na aliyekaidi alipigwa faini, kifungo au viboko. Palizi na uchumaji viliwaangukia sana wanawake, ambao muhogo wao ulisubiri. Pamba hiyo ilipakiwa kwenda viwandani, kisha ikarudi kwenye maduka ya Kasongo ikiwa kitambaa cha bei ambayo mchumaji hakuimudu kirahisi. Kikwembe cha misa ya Noeli kilikuwa, kwa wengi, malipo ya msimu mzima.

Kuhusu kichwa, Kanisa na desturi zilikutana bila mgogoro. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka wanawake wafunike kichwa kanisani, na sheria mpya ya mwaka 1983 haikuurudia wajibu huo. Ulaya vitambaa vilikuwa vimepotea hata kabla ya hapo. Kusini mwa Maniema vilibaki, maana havikutegemea sheria ya Roma. Uislamu ulikuwa umetia mizizi Kasongo, Nyangwe na Kabambare, ndoa na undugu viliunganisha nyumba za dini mbili, na mama wa makamo asiyefunga kichwa angeulizwa na shangazi zake kabla padri hajamwona.

Mwaka 1964 uliingiza mtihani wa namna nyingine. Waasi wa Simba waliiteka Maniema pamoja na sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, na misheni nyingi ziliporwa. Upande wa kaskazini, huko Isiro, sista kijana wa shirika la Jamaa Takatifu, Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, aliuawa tarehe 1 Desemba kwa kumkataa kanali aliyemtaka kwa nguvu. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Maisha yake yalikuwa ya kazi za kawaida za konventi: sakristia, jikoni, kufundisha watoto, na kijidaftari alichoandikia maazimio yake. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Kwa wasichana Wakatoliki wa mashariki, Anuarite alikuwa mwenyeheri wa kwanza mwenye uso kama wao, na sura yake imechapwa kwenye vikwembe vinavyovaliwa sikukuu yake. Mwanamke anayemvaa namna hiyo anajivika historia ya msichana aliyesema hapana mbele ya bunduki, jambo zito mahali ambapo majeshi yamepita mara nyingi.

Serikali nayo iliingilia mavazi. Chini ya siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu mwanzoni mwa miaka ya 1970, majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, na wanawake wakakatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Kikwembe kikawa vazi la taifa. Kardinali Malula wa Kinshasa aligombana na dola kuhusu majina hayo hadi akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwanamke wa Kasongo aliona ajabu ya mambo: vazi lake liliamriwa na serikali ileile iliyomwondolea jina la Maria.

Upande wa Kanisa, utafutaji wa ibada yenye sura ya Kiafrika ulizaa misale ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Humo wasichana hucheza kuzunguka altare wakati wa Utukufu na matoleo. Mavazi yao yanataka fundi mwenye akili: nguo isiyobana ili mwili uweze kucheza, isiyofunuka ili ibada isigeuke maonyesho, na iliyo sawa kwa warefu na wafupi. Vyama vya kitume navyo vina sare zao, kuanzia Lejio ya Maria hadi vikundi vya akina mama. Chama cha vijana cha Xaveri, kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour, kiliwapa wasichana wa mashariki nafasi ya kushika uongozi, kuimba na kuigiza, mbali na jiko na shamba.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilikata Kasongo na Kabambare kutoka sokoni. Barabara ya Bukavu iliharibika kiasi kwamba mizigo ilibebwa kwa baiskeli zilizosukumwa kwa siku nyingi porini, na kitambaa kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosafiri hivyo, chepesi na chenye faida. Wanawake waliofanyiwa ukatili walihitaji matibabu, faragha na kipato. Mafunzo ya kukata na kushona yalienea mashariki yote katika parokia na vituo vya akina mama, kwa sababu cherehani ya kukanyaga haihitaji umeme, na binti anaweza kuanza kazi barazani kwao kwa mkasi, chaki na utepe wa kupimia.

Kipande kizima cha kikwembe kina yadi sita, na hutoa vikwembe vitatu. Hapo ndipo ubunifu wa fundi kijana unapoonekana: kimoja anakikata blauzi yenye mikono ya puto au shingo ya mraba, kingine anakipinda kiwe sketi ndefu yenye nafasi ya kupiga magoti na kupanda nyuma ya baiskeli, cha tatu anakiacha kizima. Mitindo hutoka Kinshasa, Bukavu na Dar es Salaam, siku hizi kwa simu, naye huirekebisha: anaongeza kitambaa pale shingo iliposhuka mno, anashusha pindo, anaficha mshono chini ya ua la kitambaa. Kazi huongezeka kabla ya Pasaka, Kupalizwa Bikira Maria na Noeli, na kabla ya Idi pia, kwa wateja wa upande wa pili wa barabara.