Hesabu za Walter Jon Williams

Mwaka 1983 kampuni ya Kimarekani ya Fantasy Games Unlimited iliuza kasha la mchezo wa kuigiza wahusika lililoitwa Privateers and Gentlemen. Ndani yake hamkuwa na mazimwi wala wachawi, ambao walikuwa wametamalaki katika michezo ya aina hiyo tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Mlikuwa na bahari, merikebu za matanga na mizinga ya zama za Admirali Nelson wa Uingereza. Sehemu moja ya kanuni zake ilihusu mapigano, ambamo nahodha aliyeko joshini, upepo unakotoka, humchagulia mwenzake wakati wa kupigana. Sehemu nyingine, iliyoitwa Promotions and Prizes, ilishughulikia mambo yasiyo na kishindo: ofisa apandeje cheo, na ngawira ya merikebu iliyotekwa iwe na faida gani kwake.

Aliyetunga kanuni hizo ni Walter Jon Williams, mzaliwa wa Duluth, Minnesota, mwaka 1953, aliyesoma Chuo Kikuu cha New Mexico na kufanya maskani katika jimbo hilo kavu lisilo na pwani.

Kwa asiyeijua michezo hii, mchezaji huwa na mhusika wake, humwamulia aseme nini na atende nini, naye mwendeshaji wa mchezo hueleza yanayofuata. Penye shaka, dadu hutupwa na kanuni huamua. Mtunzi wa mchezo kwa hiyo haandiki hadithi. Anaandika masharti ambayo hadithi za wengine zitapitia, na lazima ajiulize mapema kila tendo lina gharama gani na nani atailipa. Ni dhana ya wengi kwamba mtu wa kazi hiyo akihamia kwenye riwaya ataleta mapigano tu. Williams aliyaleta, tena kwa wingi, lakini alichokuja nacho hasa ni jicho la mhasibu.

Riwaya zake za kwanza zilikuwa za baharini pia. Kati ya 1981 na 1984 alichapisha, kwa jina la Jon Williams, mfululizo kuhusu ukoo wa mabaharia wa New England ulioitwa Markham. Soko la riwaya hizo lilipofifia alijaribu milango mingine, na uliofunguka ulikuwa wa bunilizi za kisayansi: Ambassador of Progress ilitoka mwaka 1984. Si kitabu kinachokumbukwa sana, wala sioni sababu ya kukifufua hapa.

Hardwired, ya mwaka 1986, ni habari nyingine. Makampuni makubwa yaliyohamia angani yameishinda dunia vitani kwa kuiporomoshea miamba kutoka juu, na waliobaki chini wanaishi kwa makombo. Cowboy, aliyekuwa rubani, sasa ni msafirishaji wa magendo: mishipa yake ya fahamu imeunganishwa moja kwa moja na gari la deraya linaloelea juu ya ardhi, naye hulivusha katika mipaka ya Marekani iliyogawanyika. Sarah, muuaji wa kukodiwa, anatafuta fedha za kumtoa yeye na kaka yake katika dunia hiyo. Kila mmoja ana bei, na kila kiungo cha bandia mwilini kina deni nyuma yake. Ukiisoma baada ya kuijua Promotions and Prizes, unamtambua mwandishi mara moja.

Na kitabu kilirudi mezani kilikotoka. Mike Pondsmith, aliyetoa mchezo wa Cyberpunk mwaka 1988, amekiri wazi kwamba Hardwired ilimwathiri, na mwaka uliofuata kampuni yake ya R. Talsorian Games ilitoa kitabu cha kuuchezea mchezo huo ndani ya dunia ya riwaya ile. Mwandishi wake alikuwa Williams mwenyewe. Waliocheza Cyberpunk 2077, iliyotolewa na CD Projekt ya Poland mwaka 2020, walikanyaga ardhi aliyosaidia kuilima, hata kama wengi wao hawajapata kulisikia jina lake.

New Mexico yenyewe inastahili sifa zake. Mwaka 1983 mwandishi George R. R. Martin alizawadiwa mchezo wa Superworld, wa watu wenye nguvu za ajabu, akawa mwendeshaji wake mbele ya kundi la waandishi wa Albuquerque, Williams miongoni mwao. Mchezo huo uliwalia muda mwingi kiasi kwamba Martin aliona heri uwalipe. Ndipo ukazaliwa mfululizo wa Wild Cards, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1987. Mchango wa Williams humo, "Witness", unamhusu shujaa asiyepenywa na risasi anayevunjika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti. Hakuna kanuni ya mchezo inayomkinga mtu na jambo kama hilo, na kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Ilifika fainali ya tuzo ya Nebula. Tuzo yenyewe aliipata baadaye, mara mbili, kwa "Daddy's World" na "The Green Leopard Plague". Katika mji huohuo wa Albuquerque, miaka mingi baadaye, Ty Franck aliichukua dunia aliyoibuni kwa ajili ya mchezo na, akishirikiana na Daniel Abraham, akaigeuza kuwa riwaya ya Leviathan Wakes ya mwaka 2011.

Williams naye hakuiacha michezo. Mwaka 2005 alishiriki kuandika Last Call Poker, mchezo uliosambaa katika intaneti na mitaani, ambao wachezaji wake walitumwa hadi makaburini. Humo alipata malighafi ya This Is Not a Game (2009): Dagmar, mtunzi wa michezo, amekwama Jakarta sarafu ya Indonesia ikiporomoka na mji ukiwaka moto, na wanaotafuta njia ya kumtoa ni maelfu ya wachezaji wake waliotapakaa duniani. Katika Deep State, Dagmar anaajiriwa kuutumia ujuzi uleule kuwakusanya watu na kuipindua serikali ya kijeshi ya Uturuki. Kitabu kiliingia madukani mwanzoni mwa 2011, majuma yaleyale ambayo vijana wa Misri, simu mkononi, walikuwa wakimiminika katika uwanja wa Tahrir kuipinga serikali yao.