Kutoka Mrija wa Chuma hadi Kikombe cha Mpira: Mwitikio wa Nyangumi katika Historia ya Utafiti

Historia ya mbinu za kuwatafiti nyangumi kwa kawaida husimuliwa kama historia ya vyombo. Makala haya yanaitazama kama historia ya swali: mnyama huitikiaje anapotafitiwa, na ni nani anayeamua kwamba hakuitikia?

Mwanzoni swali hilo halikuwapo. Uchunguzi wa Discovery, ulioanzishwa na Uingereza katika miaka ya 1920 ili kuelewa hali ya nyangumi katika Bahari ya Kusini, ulitumia alama zilizopigwa kwa bunduki mwilini mwa mnyama. Alama za awali zilichomoka. Kuanzia mwaka 1932 ukatumika mrija wa chuma uliozama ndani ya misuli. Kufikia mwaka 1939 nyangumi zaidi ya 5,000 walikuwa wametiwa alama hizo. Taarifa ilimfikia mtafiti pale tu nyangumi alipouawa na wachunaji kuuona mrija. Aliyeurudisha alilipwa pauni moja. Katika mfumo huo, jibu pekee la mnyama lilikuwa mzoga wake.

Mageuzi yalikuja katika miaka ya 1970. Huko Península Valdés, Argentina, Roger Payne na wenzake waliwatambua nyangumi kwa picha za sugu zilizo vichwani mwao, bila kuwagusa. Baadaye ukaja mshale mdogo wa kuchukua kipande cha ngozi, na watafiti wakaorodhesha mwitikio kwa utaratibu. Nyangumi wenye nundu, kwa mfano, mara nyingi hawakuonyesha badiliko lolote. Wengine walishtuka, wakapiga mkia au wakazama, kisha wakatulia.

Mtafiti wa lugha hawezi kulipita neno “hawakuonyesha”. Katika majedwali mengi hugeuka kuwa “hakuna mwitikio”, ilhali kilichothibitishwa ni kwamba hakuna kilichoonekana juu ya maji, mahali ambapo nyangumi hukaa kwa muda mfupi tu. Vinasa taarifa vinavyoshikiliwa mgongoni kwa vikombe vya mpira vimeionyesha tofauti hiyo. Katika majaribio ya Bahamas ya 2007 na 2008, nyangumi wenye midomo waliosikilizishwa sauti za sona walikatiza milio yao ya kutafutia chakula vilindini, wakaondoka eneo hilo. Aliyesimama sitahani asingeyasikia hayo.

Mwitikio mwingine huchelewa. Februari 2016, nyangumi muuaji dume aitwaye L95 (kwa ukoo ni jamii ya pomboo) alifungwa kifaa cha setilaiti chenye vishale kwenye pezi na watafiti wa shirika la serikali ya Marekani, NOAA. Wiki tano baadaye alikutwa amekufa karibu na kisiwa cha Vancouver. Wataalamu walihitimisha kwamba maambukizi ya kuvu yaliyopitia kwenye jeraha la kifaa yalichangia kifo hicho. Kifaa hicho kilikuwa kimeangukia baharini kabla ya kutumika, na hakikutakaswa tena kikamilifu.

Nyangumi wenye nundu hufika pwani za Kenya na Tanzania kila mwaka, hasa kati ya Julai na Oktoba, na maombi ya kuwatafiti yatazidi. Fomu za vibali zitenganishe safu tatu: kilichoonekana juu ya maji, kilichonaswa chini yake, na hali ya mnyama miezi kadhaa baadaye. Safu isiyo na data iandikwe “haikuchunguzwa”.