Kuvundika Kahawa: Kutoka Kuondoa Utelezi Hadi Kutafuta Ladha

Ndugu mkulima wa kahawa,

Unapomenya buni zako jioni na kuziacha zivundike usiku kucha, unafanya kazi yenye historia ndefu. Wengi tunaifanya kwa mazoea tu. Lakini siku hizi wapo wanunuzi wanaouliza: “Kahawa hii mliivundika vipi, na kwa saa ngapi?” Jibu lako laweza kukuongezea bei, au likakukosesha mnunuzi. Basi tutazame swali hilo limetoka wapi.

Hapo zamani watu wa Yemen walianika buni nzima juani, ganda na vyote, maana nchi yao ni kavu. Kahawa ilipofika kwenye nchi za mvua nyingi, kama visiwa vya Karibi, kuanika buni nzima kulikuwa taabu: zinaota ukungu upesi. Huko ikashika njia ya kumenya na kuosha. Shida ikawa ule utelezi unaobaki, kwani maji peke yake hayautoi. Dawa yake ni kuvundika. Hamira za asili na vijidudu vingine hula sukari ya utelezi, nao hulegea, ukiosha unatoka.

Kilimanjaro mibuni ya Arabika ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wenyewe wakaunda chama chao, na mwaka 1934 kikaanzishwa kituo cha utafiti cha Lyamungu. Kwa miaka mingi mabwana shamba tumefundisha jambo moja: vundika mpaka utelezi uishe, osha, anika. Ukizisugua buni mkononi zikakwaruza kama changarawe, zimeiva. Ukizidisha saa, zinachacha kama siki na kunuka, na chache tu huharibu kahawa nyingi. Lengo lilikuwa usafi.

Sasa je, ladha iliingia lini? Tuifuate mbegu moja iitwayo Geisha. Ilitoka misitu ya Ethiopia miaka ya 1930, ikapitia hapa hapa Lyamungu, ikafika Costa Rica mwaka 1953, kisha ikapelekwa Panama kwa kuwa ilivumilia kutu ya majani. Kule Boquete, familia ya Peterson ilikuwa nayo shambani mwao, Hacienda La Esmeralda. Badala ya kuchanganya mavuno yote, walionja kahawa ya kila sehemu ya shamba peke yake. Mwaka 2004 wakaipeleka Geisha mashindanoni, ikashika namba moja na kuuzwa mnadani dola 21 kwa ratili. Mbegu ilikuwapo siku zote. Kilichoifichua ni kutenganisha na kuonja.

Baada ya hapo watu wakageukia mapipa. Mwaka 2015 Sasa Šestić wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia wa watayarisha kahawa, huko Seattle, Marekani. Kahawa yake ya Kolombia ilivundikwa ndani ya matangi yaliyofungwa na kujazwa hewa ya ukaa. Ujanja huo ulitoka kwa watengeneza mvinyo wa Beaujolais, Ufaransa. Tangu hapo, majaribio ya mapipa yaliyofungwa yameenea hata kwenye mashamba ya familia.

Haya, nawe ukimbilie pipa? Taratibu, ndugu yangu. Mavuno ndiyo karo ya watoto na akiba ya nyumba, na kahawa iliyochacha hairudi nyuma. Kwanza tafuta mnunuzi anayeitaka kahawa ya namna hiyo. Kisha jaribu debe moja tu la buni nyekundu zilizoiva sawasawa, na mavuno mengine uyatengeneze kama kawaida. Chombo kiwe safi. Usikizibe kabisa, maana hewa ikijaa chaweza kupasuka; acha upenyo mdogo wa kuitoa. Andika daftarini siku, saa ulizovundika na hali ya hewa, kwani penye baridi kazi huchukua muda zaidi. Anika kwenye chanja, weka alama, kisha peleka ionjwe na wataalamu kando ya ile ya kawaida.

Ikionekana nzuri, daftari lako litakuonyesha namna ya kuirudia msimu ujao. Ikiwa mbaya, umepoteza debe moja.

Ukulima mwema.