Mwaka Ulioongozwa na Mvua: Burudani ya Kaskazini Mashariki

Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, huandikwa kila mara kama nchi ya ukame, mpaka na bunduki. Anayetafuta historia ya burudani huko hakuti kumbi wala santuri za aina aliyozoea kuzisikia zikisimuliwa Mombasa na Nairobi, na ni rahisi akakata shauri kwamba wafugaji wa huko, kwa ugumu wa maisha yao, hawakuwa na nafasi ya starehe. Nadhani amekosea, tena amekosea kwa sababu ametafuta jengo mahali ambapo alipaswa kutafuta kalenda. Wasomali wa upande huu walikuwa na mwaka mzima wa burudani na kazi za sanaa, uliopangwa na mvua, na ukumbi wake ulikuwa ni mkusanyiko wa watu. Kwa hiyo kilichoidhoofisha sanaa hiyo kuliko ukame, dini au redio ni amri zilizowazuia watu kukusanyika.

Tuufuate mwaka wenyewe. Mvua za gu, zinazonyesha kati ya Machi na Juni, zilileta nyasi na maziwa. Kaya zilizotawanyika zikifuata malisho zilisogeleana, vijana wakapata usiku wa kucheza ngoma ya dhaanto kwa makofi na majibizano ya beti, na harusi zikafungwa. Baada ya kipupwe kikavu cha hagaa yalikuja majira mafupi ya deyr, Oktoba hadi Desemba, na furaha ikarudi kwa kiasi. Kisha jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, kikawasukuma wote visimani. Huko ndiko zilikoimbwa nyimbo za kunywesha. Wanaume walisimama kwa ngazi ndani ya kisima kirefu wakirushiana ndoo kutoka mkono hadi mkono, na mahadhi ndiyo yaliyowapa mwendo mmoja. Ngamia walikuwa na nyimbo zao, ng'ombe zao, mbuzi na kondoo zao. Msanii na mfanyakazi walikuwa mtu yule yule, saa ile ile.

Wanawake nao walikuwa na mwaka wao, na kwa maoni yangu ndio uliokuwa tajiri zaidi. Aqal, nyumba inayobebwa mgongoni mwa ngamia, ilikuwa mali ya mke na kazi ya mikono yake: mikeka iliyosukwa kwa nyuzi za magome ya mgunga, vyombo vya maziwa vilivyofumwa kwa ustadi hata visivuje, kisha vikafukizwa moshi ili maziwa yakae. Kazi hizo zilifanywa kwa kuimba, kama ilivyokuwa kusukasuka maziwa na kubembeleza mtoto. Mtafiti Axmed Cali Abokor, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu nyimbo za kazi za wafugaji wa Kisomali, alionyesha kwamba nyimbo hizo zilikuwa pia njia ya wasio na mamlaka kusema. Mke aliyeonewa hakumkabili mume hadharani; alimwimbia mtoto, au alikiimbia chombo cha maziwa, na mume akiwa karibu akasikia yote. Asiyeruhusiwa kulalamika aliruhusiwa kuimba. Starehe ya namna hii ilibeba haki za watu. Wanaume, kwa upande wao, walichonga kengele za mbao za kuvisha ngamia, na penye kivuli walichora shax mchangani, mchezo wa akili unaomfunga mtu saa nzima kama bao linavyowafunga watu wa pwani.

Atakuja mwenye kuuliza: ushahidi uko wapi, ikiwa hayo yote hayakuandikwa? Swali ni la haki. Richard Burton, aliyesafiri kaskazini zaidi katika nchi ya Wasomali mwaka 1854, alistaajabia wingi wa washairi, na mwaka 1964 B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis walichapisha diwani iliyothibitisha jinsi tungo za miongo mingi nyuma zilivyohifadhiwa vichwani. Ufundi wenyewe ulikuwa mlinzi. Katika gabay, utanzu wa ushairi wa Kisomali, kila mstari lazima uwe na neno linaloanza kwa sauti moja iliyochaguliwa, shairi zima, hivyo neno likibadilishwa ovyo sikio linashtuka. Tena mghani alitarajiwa kumtaja mtunzi na kutoyachezea maneno yake. Na asiyeamini kwamba wimbo wa nyumbani unaweza kuvuka mbali bila karatasi alitazame bonde la mto Tana: Wapokomo, majirani wa wafugaji hawa, ndio waliotoa wimbo wa bembelezi ambao sauti yake ilifanywa wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963.

Mwaka huohuo, ukumbi wa wafugaji ulifungwa. Serikali ya kikoloni ilikwisha kuifanya wilaya ya mpaka wa kaskazini kuwa eneo la kuingia na kutoka kwa kibali, chini ya sheria kama ile ya wilaya maalumu ya 1934. Lakini hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, vita vya shifta vya Wasomali waliotaka kujiunga na Somalia vilipoanza, iliingia hadi ndani ya usiku. Kanuni za 1966 zilitoa mamlaka ya kuzuia watu kutembea, kuwaweka kizuizini na kuwakusanya katika vijiji vilivyolindwa. Mapatano ya Arusha ya 1967 yalimaliza vita, ila hali ya hatari ilidumu hadi 1991. Katikati yake kuna mauaji yaliyofanywa na vikosi vya serikali: ya Garissa ya 1980, na yale ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Ngoma inayochezwa usiku, mbali na nyumba, na vijana waliotoka kaya mbalimbali, haiwezi kuishi chini ya amri ya kutotoka nje. Vijana wengi pamoja gizani, ambao kwa wazee walikuwa dalili ya mwaka mwema, kwa askari walikuwa washukiwa.

Wapo wanaosema ukame ungeyaua hayo hata bila serikali. Ukame hupunguza ngoma, ni kweli. Misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 iliua mifugo kwa wingi, na asiye na maziwa hachezi. Lakini kalenda ya zamani ilikuwa na nafasi ya ukame: jilaal lilikuwa na nyimbo zake, na kisima kilikuwa jukwaa. Wengine huitaja dini. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa masheikh wengi wamezikemea ngoma zinazochanganya wanaume na wanawake. Hata hivyo Uislamu wa ukanda huu nao umekuwa na washairi wake. Sheikh Uways wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, aliyeuawa 1909, alieneza tarika ya Qadiriyya kwa kasida, na Dada Masiti wa mji huohuo alitunga kwa Chimiini, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili chetu. Dini ilichagua aina za mkusanyiko; haikukataza mkusanyiko wenyewe.

Redio nayo hushutumiwa, na hapa naiona zaidi kama mwokozi mwenye mkono mmoja. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza 1957, na baadaye kaseti zikavuka mipaka ambayo mtu hakuruhusiwa kuivuka. Malumbano ya kishairi ya Deelley, yaliyoanza 1979, yalisambazwa kwa kaseti popote penye Wasomali. Kwa njia hiyo maneno yalinusurika. Ila kaseti haiwezi kubeba mwili: hakuna anayejibizana nayo, wala haihitaji majirani. Ndiyo maana ninaona buraanbur, utungo wa wanawake unaoimbwa kwa ngoma, ndio unaosimama imara hadi leo katika harusi za Garissa na za mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Harusi ni mkusanyiko uliobaki na sababu yake.

Leo kuna nafasi ya kuurudisha mkusanyiko: Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti hizi tatu shughuli za utamaduni, burudani ya umma na maktaba, na Garissa inajua kwamba huduma inaweza kumfuata mfugaji: maktaba ya ngamia ilianzia huko 1996, ikipeleka vitabu kwa watu wasio na makazi ya kudumu. Lakini sikukuu ya utamaduni inayopangwa ili fedha ziishe kabla ya tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, katika ukumbi wa mjini, mbele ya wageni wa heshima, itawapata wachezaji wa kukodiwa. Gu likinyesha vizuri, kaya hukaribiana zenyewe wiki chache baadaye, na bajeti ya burudani ingefaa iwe tayari kuondoka Garissa wiki hiyo, kuelekea huko waliko wafugaji.