Neno "Amina" na Asili Yake

Tumelizoea neno hili hata twadhani ni alama tu ya kumaliza sala, kama nukta mwisho wa sentensi. Sivyo lilivyokuwa zamani. Latoka katika Kiebrania, katika shina lenye maana ya uthabiti na kutegemewa. Kiarabu nacho kina shina hilo hilo, na kwa njia yake sisi tumepata imani, amana na mwaminifu.

Kwa Waisraeli lilikuwa jibu: mmoja hunena, wengine hujifunga kwa maneno yake. Katika Kumbukumbu la Torati 27 Walawi wasoma laana 12, na kwa kila moja watu wote waitikia Amina. Basi kila aitikiaye ajitia mwenyewe chini ya laana ile, hata kama kosa lake ni la siri. (Watoto wa shule, waitikiao kabla sala haijaisha, hawajui wajifunga kwa nini.) Kwa hiyo Paulo, katika 1 Wakorintho 14, auliza asiyeelewa sala ataitikiaje.

Bwana Yesu alilitumia vingine. Hakumjibu mtu, bali aliliweka mbele ya maneno yake mwenyewe, na katika Yohana lasemwa mara mbili mbili. Waandishi wa Injili waliliacha katika Kiebrania chake, ingawa waliandika Kiyunani. Luka tu mahali pengine aweka "kweli". Wafasiri wa Biblia yetu ya 1952 nao walitofautisha: Amin kwa kauli zake Bwana, Amina kwa itikio la watu.