Nani Alisema Otomatiki Si Gari ya Mchanga?

Abti wangu hawezi tena kukanyaga klachi. Goti lake la kushoto limeisha, na pikapu yake, Land Cruiser kuukuu yenye injini ya dizeli ya 1HZ, imelala nyuma ya nyumba yetu hapa Eldas tangu mvua iishe. Ndiyo ilikuwa inabeba mbuzi na mitungi ya maji. Ndiyo ilinilipia karo kabla sijaacha chuo. Juzi nikasema tuitoe giaboksi ya manual tuweke otomatiki. Wazee pale kwa chai walicheka mpaka wakakohoa. "Warya, otomatiki ni gari ya lami!"

Basi nikaenda kuchimba historia. Wasee, tumedanganyana sana.

Mwaka 1905, Mjerumani Hermann Föttinger alivumbua njia ya kupitisha nguvu ya injini kwa kimiminiko: panga moja inakisukuma, panga ya pili inasukumwa nacho, vyuma havigusani. Alikuwa anawaza meli. Miaka ya baadaye wazo hilo likaingia kwa magari. Mwaka 1939 General Motors ikatoa giaboksi ya Hydra-Matic kwa gari za Oldsmobile. Halafu vita vikaja, na Wamarekani wakaichukua wakaiweka wapi? Kwa kifaru. Kifaru cha M5 kilikuwa na injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake. Sasa niambie, kitu kilichoendesha kifaru vitani kitashindwa na mchanga wa Wajir kwa sababu ni laini?

Lakini wazee hawakosi kabisa. Mwaka 1989 Dodge ilianza kuuza pikapu yenye dizeli ya Cummins ya lita 5.9, na ya otomatiki ikapewa giaboksi ya gia 3 iliyotoka enzi ya injini za petroli. Shida ni kwamba dizeli inatoa nguvu nyingi mapema, ikiwa bado inazunguka polepole. Na giaboksi ile haikuwa na loku, ile klachi ya ndani inayofunga panga mbili zizunguke pamoja. Bila loku kuna kuteleza kidogo kila wakati, na kuteleza ni joto. Joto ndilo linaua otomatiki. Si mchanga.

Sasa kwa nini huku kwetu manual imekuwa kama dini? Watu wanasema ni desturi. Mimi nasema ni sheria. Mwaka 1926 wakoloni walifunga Northern Frontier District. Kuingia na kutoka ni kwa kibali. Uhuru ukaja, ikaja pia hali ya hatari, na haikuondolewa mpaka 1991. Katikati hapo kuna Sessional Paper Nambari 10 ya 1965, iliyosema pesa za maendeleo ziende kwanza mahali zitazaa haraka. Yaani si kwetu. Lami haikuja. Ukikosa lami na ukakosa fundi njiani, unachagua gari ambayo ikizima mnashuka, mnasukuma, inawaka. Tulizoea manual kwa sababu tulijua hakuna anayekuja kutusaidia.

Lakini mazoea hayo yana mtu yanayemwacha nje, na kwetu mtu huyo ni abti.

Kwa hiyo nimeuliza mafundi na kusoma, na chaguo langu ni hili. Usichukue giaboksi yoyote ya bei rahisi. Tafuta ya ukoo mmoja na injini. Land Cruiser ya 80 Series ilikuwa na dizeli ya 1HD-T, ndugu ya 1HZ, na ilitoka na otomatiki ya gia 4 inayoitwa A442F. Hiyo ilijengwa kubeba dizeli. Chukua pamoja na transfa yake, lile boksi la fowili, na ujue propela shafti huenda zikahitaji kukatwa au kurefushwa. Weka rejeta ya pekee ya mafuta ya giaboksi, mbele, ipate upepo. Hakikisha loku inafanya kazi. Na kama kuna kebo inayotoka kwa akselereta, ifungwe na anayejua: ikikaa vibaya presha inashuka na klachi za ndani zinaungua.

Hata Toyota yenyewe imesogea. Mwaka 2023 ilitangaza 70 Series ya dizeli ya lita 2.8 yenye otomatiki ya gia 6. Gari ileile ya kazi ambayo wazee wanaiapia.

Abti alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Ikizima porini, itasukumwa?"

Hapana, abti. Pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini, kwa hiyo ukisukuma magurudumu, injini haiamki. Tutaweka betri mbili. Na ikivutwa, lazima transfa iwe nyutro, la sivyo giaboksi inajisaga bila mafuta.

Akanyamaza, akaangalia ile pikapu. Halafu akasema nimuulizie bei ya betri ya pili.